Sikatwi Mguu kwa Kukisia

Mguu wa kushoto ninaousimulia hapa bado ninao. Naanza na hilo ili msomaji mwenye huruma asihangaike bure, na ili wale waliokuja kuniona wakiwa na nyuso za matanga wajue kwamba niliwaona.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Misima, Handeni. Nimewafundisha watoto twahara, udhu na sala, nikawafundisha na watoto wao, na sasa nimeanza na wajukuu. Nyumba yangu ni ya wajane wawili. Mume wetu alipofariki, watu walingoja tugawane mabati na mbuzi. Hatukugawana kitu. Mimi ni bi mkubwa, yeye ni bi mdogo, na ndivyo tunavyoitana hadi leo, ingawa wote tuna mvi na aliyetupa majina hayo yuko chini ya udongo. Mwenzangu ni mtu wa kazi na mtu wa maneno. Akifagia uwanja wetu hufagia na wa jirani, kisha humwita jirani atoke aone unavyopaswa kuwa.

Kidonda kilianza kama kipele, upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya kifundo. Sikukijali. Kiliwasha, nikakikuna, nikaendelea na kazi zangu. Msimu wa mahindi ukapita, kipele kikawa kigumu kama sugu, kikatanuka, kikaota vichwa vichwa, mpaka kikafanana na koliflawa zile zinazoshushwa kutoka milimani kuja kuuzwa Korogwe. Hakikuniuma sana. Duka la dawa lilinipa dawa ya kupaka, zahanati ikanipa vidonge na sindano, na jirani yetu, yule wa uwanja, akaniletea majani ya kusaga. Koliflawa ikazidi kunawiri.

Mwisho nikapelekwa hospitali kubwa. Huko walikata kinyama kidogo, wakakitia kwenye kichupa, tukaambiwa turudi kuchukua majibu. Tuliporudi, daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye miwani, alitueleza kwamba ngozi ya pale inaota ovyo, bila mpangilio.

"Inaelekea ni saratani, bibi," alisema. "Njia salama ni kuutoa mguu, chini ya goti."

"Inaelekea?"

"Ndiyo, bibi."

"Yaani hujaiona."

"Kipimo hakijasema moja kwa moja. Lakini tukingoja, itapanda."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu hata mwizi wa kuku akikamatwa, kabla hajapelekwa kwa mtendaji huulizwa jina lake na jina la baba yake. Wewe mguu wangu unauhukumu kwa inaelekea. Nitajie ugonjwa wenyewe, nami nitapanda mezani kwako kwa miguu yangu yote miwili. Bila hivyo, sikatwi."

Bi mdogo alinivuta khanga. "Bi mkubwa, huyu ni daktari, si mwanafunzi wako."

"Hata daktari ana mambo anayoendelea kusoma," nikasema.

Namshukuru kijana yule, hakukasirika. Alifuta miwani yake, akasema Korogwe kuna daktari wa ngozi, mwanamke, nimwone pia. Lakini aliniwekea siku ya upasuaji mwezi uliofuata, maana alisema hataki tucheze na roho yangu. Basi nilitoka pale nikiwa na mwezi mmoja wa kuutetea mguu.

Habari zilifika Misima kabla yetu. Sijui zilipanda gari gani. Jirani alikuwa wa kwanza kuingia. Alikaa mkekani, akautazama mguu kama mtu anayeaga, akashusha pumzi.

"Ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, mwalimu," alisema. "Kubali tu. Wewe ndiye uliyetufundisha subira."

"Nimewafundisha subira," nikamjibu. "Sikuwafundisha kulala. Nabii Ayubu alivumilia maradhi, na bado aliomba aondolewe. Mungu akitaka mguu wake atauchukua, nami nitasema alhamdulillahi. Lakini hajaniambia anautaka. Aliyeutaka ni kijana wa miwani, naye amesema inaelekea."

Jirani akageukia upande mwingine. Alimtazama bi mdogo aliyekuwa akipepeta mchele pale kizingitini, kisha akaniinamia. "Watu wanasema, mwalimu, si mimi. Wanasema ugonjwa usioonekana na hospitali una mwenyewe. Na mwenyewe huwa hatoki mbali. Mke mwenza ni mke mwenza, hata mume akifa."

Alidhani ananong'ona. Bi mdogo aliuweka ungo chini. "Kama ningetaka kumroga," alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "ningemroga wakati mume yupo. Sasa nimroge ili nipate nini? Nipate kuchota maji peke yangu?"

Tulicheka, hata jirani alicheka. Lakini nilimwona mwenzangu usiku ule hakula. Maneno yale yalikuwa yamemwingia, na tangu siku ile alizidi kuushughulikia mguu wangu kuliko alivyoshughulikia nafsi yake.

Mwanangu wa kwanza, aliyeko Dar es Salaam, alipiga simu. "Mama, bora mguu kuliko roho. Usiwe mbishi."

"Baba, nani kakwambia mimi mbishi?"

"Wote, mama."

Alikuwa ameshanunua magongo mawili ya kutembelea, ya bati jepesi, yenye sponji kwapani, akayatuma kwa basi. Tuliyapokea barabarani mbele ya watu wote. Bi mdogo aliyabeba hadi nyumbani, akayasimamisha kwenye kona ya chumba changu, kisha akayageuza yaelekee ukutani. "Yasikutazame," alisema.

Ikafika siku ya kwenda Korogwe. Hapa sharti nieleze jinsi nilivyokuwa nikiandaliwa, kwa sababu jambo lote liko hapo. Tangu koliflawa ilipoota, bi mdogo hakuniruhusu hata siku moja kwenda mbele ya daktari bila kuoshwa. Kwetu mgonjwa haendi hospitali na uchafu. Ukienda mchafu hukujiaibisha wewe, umemwaibisha anayekuuguza. Na anayekuuguza akiwa mke mwenzio, aibu hiyo ina meno. Kwa hiyo alfajiri alichemsha maji na chumvi, akakamua ndimu tatu, akachukua brashi yake ya kufulia, ile laini, akasugua kila kichwa cha koliflawa mpaka kikawa chekundu na kinang'aa. Kama tulivyozoea, kidonda kilikuwa na vijidoa vyeusi vidogo juu yake, kama chembe za masizi. Hivyo ndivyo alivyovichukia zaidi. Alivitoa kimoja kimoja kwa ncha ya kitambaa. Akamalizia na dawa ya kupaka.

"Nyanyua mguu nitazame," alisema. "Haya. Sasa hata rais angeuona."

Gari la Korogwe lilitupitia mapema. Tulivuka daraja la mto, milima ikatokea mbele yetu na mawingu yake, na nikasoma dua zangu mpaka tukashuka. Daktari wa ngozi alikuwa binti mfupi mwenye msalaba mdogo shingoni. Aliposikia tumetoka Handeni alisema, "Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Mimi ni wa Bungu, kule juu. Nimekulia kwenye baridi, joto lenu hili linanimaliza."

"Marahaba. Basi tumeshuka sisi, umeshuka wewe, tumekutana katikati," nikasema, akacheka.

Aliukagua mguu kwa muda mrefu, kwa macho kwanza na kisha kwa vidole. Akauliza kama niliwahi kuchomwa na mwiba pale.

"Binti yangu," nilisema, "nani Handeni anahesabu miiba?"

"Sawa. Unameza dawa gani?"

"Simezi dawa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bi mdogo alikohoa. "Bi mkubwa, na vile vidonge vyako vya magoti?"

"Vile ni vya magoti," nikasema. "Yeye anauliza dawa ya kidonda."

Daktari aliomba avione. Nilivitoa kwenye ncha ya khanga, vidonge vidogo vyeupe ambavyo vilinipa magoti ya msichana. Nilipewa mara ya kwanza hospitalini, vikanisaidia kurukuu na kusujudu bila kupiga kelele, na vilipokwisha nikawa nanunua dukani, mwaka baada ya mwaka. Binti alivigeuza kiganjani, uso wake ukabadilika.

"Hivi ni steroidi, bibi," alisema. "Vinatuliza maumivu kweli, lakini vinalaza kinga ya mwili. Kule kwetu tunalala shambani kulinda mahindi, nguruwe pori wasiingie. Sasa wewe mlinzi wako umemnywesha usingizi miaka yote hii. Nguruwe ambaye kwa mtu mwingine angefukuzwa kwa kelele tu, kwako ameingia, amekaa, amezaa."

"Nguruwe," nilisema. "Mguuni mwa mwalimu wa Kurani."

"Nisamehe bibi. Ngedere basi."

Ndipo akanieleza anachokifikiria. Kuna fangasi wanaokaa kwenye udongo, kwenye miti iliyooza na kwenye miiba. Si hawa wa vidoleni ambao kila mtu anawajua. Ni nadra kuwaona, na mtu mwenye kinga dhaifu ndiye wanayempata kirahisi na kumng'ang'ania. Wakikaa muda mrefu, ngozi hupigana nao mpaka inaota ovyo, na kipande kidogo cha ngozi hiyo kikitazamwa kinaweza kufanana kabisa na saratani. "Lakini na mimi nikisema hivyo bila kuwaona," alimaliza, "nitakuwa nakisia kama wengine."

Nilimpenda papo hapo.

Alikwangua kidonda kwa kisu kidogo, akaweka ungaunga wake kwenye kioo, akadondosha dawa ya kuyeyusha ngozi, akaenda kutazama kwa hadubini. Tulingoja. Bi mdogo alimsifia mgonjwa aliyekaa pembeni kwa viatu vyake. Daktari aliporudi alitikisa kichwa.

"Sijaona kitu."

"Basi hakuna," alisema bi mdogo, na sauti yake ikapungua.

"Sijasema hakuna, mama. Nimesema sijaona. Rudini wiki ijayo."

Tulirudi wiki iliyofuata, nimesuguliwa kuliko mara ya kwanza, maana mwenzangu alisema labda mara ile hatukusafisha vya kutosha. Binti akakwangua tena, mahali pengine. Hakuona kitu. Siku ya kisu ilikuwa inakaribia, na mwanangu alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ili aje kunibeba. Nilimwomba Mungu moyoni, si aniponye, ila asiniache nikatwe kwa ujinga.

Daktari hakutuaga. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mguu wangu, akainama mpaka pua yake ikaukaribia.

"Bibi," alisema, "mbona mguu unanukia ndimu?"

"Mimi ndiye ninayemwosha," alijibu bi mdogo, akinyoosha mgongo. Alikuwa amengoja muda mrefu mtu aliulize swali hilo. Akamweleza yote: maji ya moto, chumvi, ndimu tatu, brashi, na dawa ya kupaka ya fangasi aliyopewa dukani, ambayo hata asubuhi ile alikuwa ameipaka. "Mimi siwezi kumtoa mtu nyumbani kwangu ananuka. Muulize yeyote Misima."

Daktari alishika kichwa. "Mama, kumbe wewe ndiye unayeniibia!"

Bi mdogo alisimama. "Mwizi? Mimi?"

"Mama, kaa..."

"Nimeitwa mchawi, nimenyamaza. Sasa naitwa mwizi, tena na mtoto wa kumzaa!"

"Mama, nakuomba," alisema binti, na kweli alimshika mikono yote miwili. "Unaosha vizuri mno. Kile ninachokitafuta kinakaa juu juu. Wewe unakitoa kwa brashi, kilichobaki unakipaka dawa kinajificha, kisha mnaniletea ngozi safi kama ya bwana harusi. Nawaomba kwa jina la Mungu, mniletee mguu mchafu. Wiki nzima. Msioshe, msipake chochote, mfunge tu kitambaa safi kikavu. Mje na uchafu wake."

Tulitazamana, mimi na mwenzangu. Sidhani kuna wanawake wawili Handeni nzima ambao agizo lile lingewapata vibaya zaidi.

Garini bi mdogo aliikunja na kuikunjua ncha ya khanga yake mpaka tulipokaribia nyumbani. Ndipo akauliza, "Na sala?"

Hilo sikuhitaji kumuuliza mtu. Mguu ni kiungo cha udhu, lakini dini yetu haikuletwa kumuua mtu. Nimewafundisha watoto somo hili mara nyingi, nikidhani nawafundisha habari za wengine. Kilicho kizima unakiosha. Kilichofungwa unapangusa juu ya kitambaa kwa mkono uliolowa, na unatayamamu. Usaha na damu ya kidonda chako mwenyewe umesamehewa. Ndivyo nilivyofanya, kwa vumbi safi nililolipepeta, nikalipaka usoni na mikononi, mbali na mguu. Na niseme wazi: katika maisha yangu ya ibada sijapata kusali sala niliyoihisi safi kuliko zile za wiki ile ya uchafu.

Lakini harufu haisomi fiqhi. Siku zilivyokwenda, kitambaa kililowa, na joto la Misima mnalijua. Watoto chuoni walisogeza mikeka yao nyuma kidogo kidogo, wakidhani sioni. Bi mdogo aliumia kuliko mimi. Alikuwa akipita karibu na brashi yake, anaishika, anairudisha. Usiku mmoja aliniambia gizani, "Bi mkubwa, nikuoshe pembeni tu. Hatajua."

"Hata Mungu hatajua?"

"Mungu amezoea kuona mengi."

"Lala, bi mdogo."

Siku moja kabla ya kurudi Korogwe, jirani alikuja. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa upande wa mtandio wake, wala hakujificha.

"Ee, mwalimu! Mwalimu wa twahara!" Kisha akamgeukia bi mdogo. "Kwa hiyo sasa hata kumwosha umeacha. Basi. Waliosema walisema kweli."

Nilimtazama mwenzangu. Mwanamke yule ambaye hajawahi kukosa jibu aligeukia brashi yake, akaipangusa vumbi. Angeweza kueleza. Hakutaka kueleza habari za mguu wangu kwa mtu aliyeziba pua. Hapo nilinyanyuka. Nilikwenda kwa mguu ule ule hadi mlangoni, nikauweka juu ya kizingiti, mbele ya jirani yangu.

"Karibia," nilisema.

"Mwalimu, mimi sikuwa na nia..."

"Karibia unuse vizuri, ili ukienda kusema useme kwa uhakika. Huyu mwenzangu ameniosha muda wote huu ambao nyinyi mlikuwa mnanililia nikiwa hai. Sasa ameniacha mchafu kwa sababu mimi nimemwamuru, na mimi nimeamriwa na daktari. Na ndugu yangu, ukimwona tena huyu ukamwita mchawi, njoo kwanza uniambie mimi. Mguu huu bado unaweza kupiga teke."

Jirani alikwenda zake. Bi mdogo alikaa chini, akalia, kisha akaanza kucheka katikati ya kilio. "Ungempiga na koliflawa!" alisema. "Ungempiga, angepukutika masizi mwaka mzima!"

Tulipofika Korogwe, binti wa Bungu alikifungua kitambaa mwenyewe. Mimi niligeuza uso kwa haya. Yeye alipiga kelele ya furaha kama mtu aliyeokota pesa.

"Hivi! Tazameni hivi! Hivi vidoa vyeusi!"

"Masizi hayo?" bi mdogo aliuliza.

"Mama, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Fangasi huyu mwili unamsukuma atoke nje, na anapotokea ndipo panapokuwa na doa jeusi. Ukitaka kumkamata, mngoje pale."

Bi mdogo alijishika kiuno. "Hayo nimeyatoa kwa brashi tangu yaanze kuota! Moja moja! Mpaka macho yakaniuma!"

"Najua, mama. Ndiyo maana nilikuwa namwona bibi bila kumwona mgeni wake."

Aliokota vidoa vile kwa ncha ya kisu, taratibu, akaenda navyo. Safari hii hakukaa sana. Alifungua mlango wa chumba cha vipimo, akatuita sote wawili, akanikalisha kwenye kiti kirefu na kunionyesha pa kuweka jicho.

Mwanzoni niliona mwanga tu. Kisha vikatulia. Vitu vya mviringo, vya rangi ya kahawia, vimekaa vikundi vikundi kama punje za ulezi zilizomwagika kwenye sahani. Vingine vilikuwa vimegawanyika katikati, kama mtu aliyepitisha kisu. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Subhanallah, nilisema. Kitu kidogo vile, nacho kimeumbwa, nacho kinakula riziki yake, na riziki yake imekuwa mimi.

"Na jina?" niliuliza bila kuondoa jicho.

"Kromoblastomaikosisi."

"Rudia."

Nilimfanya alitamke kipande kwa kipande, kama ninavyowafanyia watoto wanaoanza juzuu ya kwanza. Kromo. Blasto. Maikosisi. Nikalirudia mara kadhaa mpaka likakaa, na bado limekaa. Kisha nikampisha bi mdogo. Aliinama juu ya hadubini, tukamsikia akisema na vile vipunje: "Wapumbavu nyinyi. Kumbe wadogo hivi! Na mlitaka mguu mzima?"

Binti alikata tena kipande cha nyama, nusu akakitia kwenye dawa ya kuhifadhi na nusu kwenye maji safi ya chumvi, kiende maabara kubwa kuoteshwa, ili wajue ni ukoo gani hasa wa fangasi hao. Akaeleza kwamba kile kipande cha kwanza chote kilihifadhiwa kwenye dawa inayoua kila kitu, na kilichokufa hakioti. Halafu alimpigia simu yule kijana wa miwani, mbele yetu. Sikusikia alichojibiwa, lakini nilimwona akitabasamu. Kijana aliomba kile kioo chenye kinyama cha kwanza kikatazamwe upya. Siku chache baadaye akanipigia mwenyewe.

"Bibi, vilikuwemo," alisema. "Vichache, vimejificha. Na saratani hatujaiona. Nimekuondoa kwenye siku ya upasuaji."

"Mungu akuzidishie elimu," nikamwambia. Nilimaanisha kwa wema. Labda si kwa wema wote.

Matibabu yalikuwa marefu. Vidonge vya kumeza baada ya chakula, mwezi hadi mwezi, na kupimwa damu kila mara. Ramadhani ilipoingia nilivimeza na futari, kwa ruhusa ya daktari. Vidonge vyeupe vya magoti alinipunguzia kidogo kidogo, maana alisema nikiviacha kwa ghafla mwili utaanguka. Magoti yalirudi kupiga kelele. Nikaanza kusali nimekaa kitini, na watoto chuoni wakanizoea hivyo. Koliflawa ilinywea kichwa baada ya kichwa. Leo pamebaki kovu pana, jeusi na gumu, na mguu ukipigwa na baridi hunikumbusha. Nashukuru kwa kovu. Kovu haliwezi kuota mahali ambapo hapana mguu.

Mwanangu alikuja Idi. Alisimama uwanjani akiutazama mguu, kisha akamtazama mama yake mdogo, kisha akautazama tena.

"Mama, na yale magongo?" aliuliza. "Nilinunua kwa bei."

"Yanafanya kazi," alijibu bi mdogo, akamwonyesha kwa kidevu.

Magongo yalikuwa yamechomekwa ardhini nyuma ya nyumba, yameinuliwa juu, sponji zake zimeshikilia kamba ya kuanikia nguo. Khanga zetu zilikuwa zinapepea pale, zangu na zake zimechanganyika.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nilikaa kwenye kigoda nikakunja nguo yangu ili nitie udhu, na bi mdogo akaja na ndoo. Kwa kuwa daktari ameturuhusu maji siku hizi, yeye ndiye anayenimwagia, kwani kuinama kumeniwia vigumu. Alimwaga juu ya mguu wa kulia, kisha wa kushoto, polepole, mpaka yakapita juu ya kovu na kati ya vidole. Nikamwona mkono wake mwingine umekwenda nyuma, na najua alichoficha huko.

"Bi mdogo," nilisema, "brashi iweke chini."